Kabla ya kuandika malaria, mpimeni sukari na mtazame shingo yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, na naomba uvumilie urefu wa barua hii, kwa sababu jambo lenyewe nimekaa nalo moyoni kwa miaka mingi. Nilikuwa tabibu katika zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Dodoma kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu. Malaria, kuhara, nimonia, majeraha na uzazi mgumu nadhani nilivimudu kadiri ya uwezo wa kituo. Magonjwa niliyoyakosea mara nyingi kuliko mengine yote ni ya homoni, yaani kisukari, maradhi ya tezi ya shingo, na madhara ya dawa za steroidi, zinazoiga homoni ya mwili na kuuzwa kiholela. Sikuyakosea kwa kuwa ni adimu, wala kwa kuwa chuoni hawakunifundisha. Niliyakosea kwa sababu huja polepole na huvaa sura ya magonjwa tuliyoyazoea, na kwa sababu tabibu humwona mgonjwa kwa dakika tano tu, hali dalili zenyewe zimejengeka kwa miezi nyumbani kwake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mama mmoja alimleta binti yake wa darasa la nne katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi, akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli kutoka kijiji cha mbali. Mtoto alikuwa ametapika usiku kucha, tumbo linamuuma, macho yameingia ndani, na anapumua kwa nguvu na haraka kama mtu aliyetoka kukimbia. Slaidi ya damu haikuonyesha wadudu. Hata hivyo niliandika malaria kali, kama tulivyozoea wengi wetu wakati ule, nikaagiza kwinini ndani ya chupa ya dekstrosi, yaani maji ya sukari, kisha nikamwita mgonjwa aliyefuata. Baada ya muda muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyenizidi umri na uzoefu, alinifuata chumbani akasema, "Daktari, hebu njoo unuse pumzi ya mtoto huyu." Niliinama kitandani. Pumzi ya mtoto ilinuka kama zabibu zilizoanza kuchacha ndani ya ndoo, harufu ambayo mtu yeyote aliyekaa Dodoma msimu wa mavuno anaifahamu. Muuguzi yule alikuwa amekwisha kumtoboa kidole. Mashine ya sukari haikutoa namba. Iliandika HI, maana yake sukari ilikuwa imepita kiwango ambacho mashine yenyewe inaweza kusoma. Nasi tulikuwa tumemtundikia maji ya sukari.

Tuliiondoa chupa ile, tukaweka maji ya chumvi, tukatafuta gari, na mtoto akafikishwa hospitali akiwa bado anapumua. Alipewa insulini akapona. Kabla gari halijaondoka nilimuuliza mama yake maswali niliyopaswa kumuuliza asubuhi. Akaeleza bila kusita kwamba kwa wiki tatu binti alikuwa akiamka usiku mara tatu au nne kuchota maji mtungini, kwamba alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani wakati aliacha akiwa na miaka mitatu, kwamba alikula sana lakini nguo zilizidi kumpwaya, na kwamba bibi yake alikuwa ameona sisimizi wakijaa pale nyuma ya nyumba alipokojoa. Ugonjwa wote ulikuwa umekwisha kuelezwa kwa lugha ya nyumbani kabla sijashika kalamu. Mimi nilikuwa nimemuuliza swali moja tu: homa ilianza lini?

Kisukari cha aina hiyo, kinachowapata zaidi watoto na vijana, hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini sukari hubaki kwenye damu na kumwagikia kwenye mkojo, mwili huanza kuunguza mafuta badala yake, na mabaki ya mafuta hayo huigeuza damu kuwa na asidi. Kule kuhema kwa nguvu ni mapafu yanayojaribu kuipunguza asidi hiyo, wala si nimonia. Kutapika na kuumwa tumbo hutokana na hali hiyohiyo, na ndiyo maana wapo watoto waliodhaniwa kuwa na kidole tumbo. Kabla ya mwaka 1922 watoto wa namna hii walikufa, maskini kwa tajiri, hadi Januari ya mwaka huo kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipodungwa insulini mjini Toronto, Kanada. Leo dawa ipo. Kinachomuua mtoto wa kijijini ni kutotambuliwa mapema.

Ombi langu la kwanza kwa matabibu na wauguzi wenzangu ni dogo sana. Kila mgonjwa anayetapika, anayehema au anayesinzia bila maelezo hutobolewa kidole kwa ajili ya kipimo cha haraka cha malaria. Kidole ni kilekile, na tone la damu linalobaki baada ya kipimo hicho linatosha kupima sukari. Hakuna haja ya maabara wala umeme wa gridi, na majibu hutoka ndani ya sekunde chache. Kinachohitajika ni stripu, yaani vibanzi vya kupimia sukari, kuwepo na mkono kuzoea kuichukua. Nimefanya kazi katika vituo ambako mashine ilikuwepo kabatini, stripu zikawa zimekwisha kwa miezi, na aliyeandika maagizo ya dawa hakuzihesabu kuwa hitaji la dharura. Naona hilo ni kosa la kiutawala linalopaswa kusahihishwa wilaya kwa wilaya.

Kwa watu wazima hali ni tofauti kidogo, maana kisukari chao kwa kawaida hakiingii kwa kishindo. Insulini ipo lakini mwili hauitii, kongosho linachoka mwaka hadi mwaka, na mtu anaweza kuishi na sukari ya juu kwa miaka mingi akidhani uchovu ni wa umri na ganzi ya miguu ni ya baridi. Vipimo vyenyewe si fumbo. Sukari ya asubuhi, mtu akiwa hajala kwa saa 8 au zaidi, ikifika milimoli 7.0 kwa lita, au sukari ya saa 2 baada ya kunywa glukosi gramu 75 ikifika 11.1, hicho ni kisukari. Sukari ya wakati wowote ikifika 11.1, na mtu ana dalili za kiu, kukojoa sana na kukonda, inatosha pia. Asiye na dalili arudiwe kipimo siku nyingine kabla ya kupewa jina la mgonjwa, kwa sababu jina hilo atatembea nalo maisha yake yote. Hospitali kubwa hutumia pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, ambapo asilimia 6.5 ndiyo mpaka. Hapa naomba tahadhari, kwa kuwa mwenye selimundu au aliyeongezwa damu hivi karibuni anaweza kupata majibu ya HbA1c yasiyo ya kweli, na katika nchi yetu watu hao si wachache.

Wapo wanaosema kisukari ni ugonjwa wa mjini na wa wakubwa. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania miaka ya 1980 ulikuta chini ya mtu 1 katika kila watu wazima 100 akiwa nacho, na pengine hapo ndipo imani hiyo ilipoanzia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na sukari iliyozidi. Hizo ni tafiti mbili za namna tofauti na sitaki kuzilinganisha kupita kiasi, lakini mwelekeo wake unaonekana hata kwa macho. Dodoma niliyoanzia kazi, mtu alikwenda shambani kwa miguu na kurudi kwa miguu, akala ugali wa uwele au mtama kwa mlenda. Dodoma ya leo ina maelfu ya watu wanaokaa ofisini tangu asubuhi, wanaopanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi, na wanaokula sembe nyeupe kwa soda. Hata Chamwino na Bahi vijijini soda imefika kabla ya mashine ya kupima sukari.

Kuhusu tiba nitagusa yale tu niliyoona yakiwaumiza watu. Metformini ni dawa nzuri na ya bei nafuu, ila ikimezwa tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu na kuharisha, na wengi huiacha wiki ya kwanza kwa sababu hiyo, wakati kuanza na dozi ndogo na kuimeza pamoja na chakula kungewaokoa. Glibenklamidi ni jambo jingine. Dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala, kwa hiyo mzee akichelewa kula, au figo zake zikiwa zimechoka, sukari inaweza kushuka chini ya 4, akaanza kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa, majirani wakadhani amelewa. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Ndugu zetu wa Kondoa na kwingineko wanaofunga Ramadhani nawasihi wamwone mtaalamu wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili dozi na saa za dawa zipangwe upya, na wale ambao kufunga kwao ni hatari waelezwe mapema na kwa heshima.

Binti yule wa darasa la nne nilimwona tena miaka baadaye, akiwa mwanamke mzima, na alinifundisha jambo ambalo sikulipata chuoni. Kijijini kwao hapakuwa na jokofu. Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa katika nyuzi joto 2 hadi 8, na iliyofunguliwa inaweza kutumika kwa takriban wiki nne mahali pa baridi pasipo na jua, lakini Oktoba ya Dodoma ndani ya nyumba ya bati si mahali pa baridi. Yeye alikuwa na mitungi miwili ya udongo, mmoja mdogo ndani ya mwingine mkubwa, na kati yao mchanga ambao aliumwagia maji asubuhi na jioni. Chupa aliiweka ndani ya mtungi mdogo, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki isiingie maji, na juu alifunika kitambaa chenye unyevu. Maji yanapokauka hubeba joto, ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi. Mtungi haufanyi kazi ya jokofu, na sipendi tuuone kuwa suluhisho la kudumu, lakini unaipunguzia insulini joto kwa kiasi kinachofaa, na kila kliniki ingepaswa kuwaonyesha wagonjwa namna ya kuutengeneza badala ya kuwaambia "weka kwenye friji" kisha kuwaaga.

Miguu nayo isisahaulike. Kwa mgonjwa aliyepoteza hisia za nyayo, nchi yetu ya migunga na mchanga unaounguza ni ya hatari. Nimemtoa mzee mmoja mwiba wa mgunga wenye urefu wa kidole changu cha mwisho, uliokuwa umepenya ndala hadi ndani ya unyayo, naye alikuwa ametembea nao kwa siku ambazo hakuweza kuzihesabu. Alikuja kwa sababu mjukuu wake alisikia harufu. Mguu uliondolewa chini ya goti. Mwenye kisukari, au mtu wa nyumbani kwake, atazame nyayo na katikati ya vidole kila jioni, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, na asitembee peku hata uani.

Sasa niseme kuhusu tezi ya shingo, kwa kuwa hapo aibu yangu ni kubwa zaidi. Mke wangu, ambaye ameniruhusu niandike habari zake, aliugua kwa karibu miaka mitatu ndani ya nyumba ya tabibu bila tabibu huyo kutambua. Alianza kwa kuchoka. Kisha akawa anajifunika blanketi mwezi wa Oktoba, wakati Dodoma nzima inalala madirisha wazi. Choo kikawa kigumu, ngozi ya miguu ikapauka hata mafuta hayaisaidii, hedhi ikawa nzito, na sauti ikawa ya kukwaruza hivi kwamba watoto wakipiga simu waliuliza kama ana mafua. Alitibiwa upungufu wa damu, akatibiwa vidonda vya tumbo, akaambiwa ni umri, na jirani mmoja alimnong'oneza, kwa nia njema kabisa, kwamba kuna mtu anamchezea. Siku moja tulikuwa tunajaza fomu za bima, naye akaweka kitambulisho chake cha taifa mezani. Niliitazama picha, nikamtazama yeye. Nyusi zilikuwa zimenyonyoka kwenye ncha za nje, kope zimevimba, uso umejaa na kupoteza umbo lake. Mabadiliko ambayo sikuyaona kwa kumtazama kila siku, niliyaona kwa kumlinganisha na jinsi alivyokuwa miaka michache nyuma.

Tangu siku ile, hadi nilipostaafu, kila mgonjwa aliyekuja na uchovu usioeleweka nilimwomba kitambulisho chake au kadi yake ya mpiga kura, nikaishika karibu na uso wake. Haikuwa kwa ajili ya kumhakiki. Nawashauri matabibu vijana wafanye hivyo, maana karibu kila mtu mzima sasa anatembea na picha yake ya zamani mfukoni.

Kipimo kilichomaliza ubishi ni TSH. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutuma homoni hiyo kuiamuru tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ya shingo ikilegea, amri huongezeka. Kwa hiyo TSH ikiwa juu na T4, homoni ya tezi yenyewe, ikiwa chini, tezi imeshindwa. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, pituitari hunyamaza, TSH ikashuka karibu na sifuri huku T4 au T3, homoni nyingine ya tezi hiyo, zikipanda. Dawa ya tezi iliyolegea ni levothairoksini, ambayo humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa 4. Mke wangu hakuelezwa hayo. Aliimeza kwa chai ya maziwa, TSH ikagoma kushuka, dozi ikaongezwa mara mbili, hadi muuguzi mmoja alipomuuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza: "Mama, hii dawa unaimezaje?" Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 kila dozi inapobadilishwa, na kukirudia mapema zaidi ni kupoteza fedha. Mwanamke anayetumia dawa hii akishika mimba asisubiri kliniki ya mwezi wa tano. Mara nyingi dozi yake huhitaji kuongezwa tangu wiki za mwanzo, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama.

Upande wa pili wa ugonjwa huu, yaani tezi kufanya kazi kupita kiasi, huonekana kwa urahisi zaidi, lakini hupewa majina ya kuumiza. Kijana mmoja mwendesha bodaboda alikonda hadi suruali zikawa zinamvuka, ingawa alikula sahani mbili. Macho yalimtokeza, na jasho lilimtiririka hata asubuhi za Julai zenye upepo baridi wa kwetu. Kijiweni walisema anatumia dawa za kulevya. Nyumbani walisema ni UKIMWI, na ingawa alipima mara tatu akaonekana hana virusi, hakuna aliyemwamini. Nilimwambia anyooshe mikono mbele, nikalaza karatasi juu ya vidole vyake, na karatasi ikacheza kama jani. Mapigo ya moyo yalikuwa zaidi ya 120 kwa dakika akiwa ameketi. Alianzishiwa kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi, na baada ya miezi michache mama yake alisema mwanawe amerudi. Wengine huhitaji upasuaji au tiba ya madini joto yenye mionzi, lakini hilo huamuliwa na wataalamu wa hospitali za rufaa. Ambalo kila mtumiaji wa kabimazoli lazima aambiwe siku ya kwanza, na arudie kwa kinywa chake ili tujue amesikia, ni kwamba akipata homa au koo likimuuma vibaya aache dawa na aende siku hiyohiyo kupimwa chembe nyeupe za damu, kwa sababu mara chache dawa hii huziangusha ghafla, na uzembe wa siku mbili unaweza kuua.

Rovu, au goita kama wengi wanavyoiita, linastahili maneno yake. Uvimbe wa shingo si lazima uwe na homoni mbaya. Wengi wenye rovu wana TSH ya kawaida, na hawahitaji zaidi ya kuangaliwa. Uvimbe mgumu unaokua haraka, unaobadilisha sauti au kuzuia kumeza, huo usicheleweshwe, na usichanjwe chale wala kuchomwa. Chanzo kikubwa cha rovu katika nchi kama yetu kilikuwa upungufu wa madini joto. Watu wa rika langu wanakumbuka vidonge vya mafuta ya madini joto vilivyogawiwa katika wilaya zilizoathirika sana, na tangu katikati ya miaka ya 1990 kanuni zinataka chumvi ya kula iwekwe madini hayo. Hata hivyo chumvi ya mawe isiyo na madini bado inauzwa minadani kwa vipimo vya kopo, na ile yenye madini mara nyingi huachwa wazi karibu na jiko hadi madini yapotee. Kwa sisi wa Dodoma kuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Wataalamu waliochunguza wingi wa rovu huko Darfur, Sudani, walikuta kwamba uwele una viambata vinavyoizuia tezi kufanya kazi yake vizuri, hasa pale madini joto yanapopungua. Simwambii Mgogo aache uwele, chakula kilichotulea na kinachostahimili ukame wetu. Namwambia anunue chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, aiweke kwenye chombo chenye kifuniko, na aitie chakula kinapokaribia kuiva.

La mwisho ni dawa za steroidi, na hapa naandika kwa hasira, naomba radhi. Wasichana wanauziwa vidonge vya kunenepa na krimu za kung'arisha ngozi bila kuelezwa kilichomo. Katika vingi nilivyoonyeshwa mlikuwa na deksamethasoni, au dawa za jamii hiyo zenye nguvu. Mwili hujaa kweli, lakini hujaa uso na tumbo huku mikono na miguu ikisinyaa. Michirizi myekundu hutokea tumboni, shinikizo la damu na sukari hupanda, na mifupa hudhoofika kimyakimya. Hapo pia picha ya kitambulisho husema yote. Hatari kubwa zaidi ni kuviacha ghafla. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, huwa zimelala kwa sababu homoni imekuwa ikiletwa kutoka nje, na mtu akiacha siku moja, kisha akapata homa au ajali, anaweza kutapika, kuishiwa nguvu, shinikizo likaporomoka, naye akafa kwa kukosa homoni ambayo daktari angempa kwa sindano moja ya haidrokotisoni kama angejua. Kwa hiyo aliyetumia kwa wiki nyingi asikimbilie kutupa vidonge baada ya kusoma barua hii. Aende navyo hospitali, aseme ukweli bila kuona haya, apunguziwe kwa hatua. Na tabibu asimgombeze, kwa sababu akigombezwa hatarudi. Tezi hizohizo zinaweza pia kuharibiwa na kifua kikuu, jambo la kukumbukwa kwa mgonjwa wa TB ambaye anamaliza dozi lakini anazidi kuishiwa nguvu, ngozi na fizi zake zikibadilika kuwa nyeusi.

Kwa wenye mamlaka nina maombi matatu, na yote yanawezekana kwa mkoa ambao sasa ni makao makuu ya nchi, wenye chuo kikuu kinachofundisha madaktari na hospitali kubwa ya Benjamin Mkapa. Stripu za sukari zihesabiwe pamoja na vipimo vya malaria katika kila zahanati, na kuisha kwake kuchukuliwe kwa uzito uleule. Sampuli za TSH zichukuliwe katika vituo vya afya na kusafirishwa hospitali kwa utaratibu uliopo wa kusafirisha sampuli nyingine, ili mama wa Mpwapwa au Kongwa asilipe nauli mara mbili kwa ajili ya mililita chache za damu, na ikiwezekana watoto wachanga wapimwe kwa tone la kisiginoni, kwani mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi akianza dawa ndani ya wiki zake mbili za kwanza hukua na akili timamu, na akicheleweshwa hupoteza kiasi cha akili ambacho hakirudi. Tena, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapoendelea kutekelezwa, vipimo na dawa hizi za maisha yote vihesabiwe katika kitita cha msingi, maana mtu hawezi kuuza mbuzi kila mwezi kwa ajili ya insulini.

Kwako Mhariri, nina ombi pia. Kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, magazeti huchapisha picha za viongozi wakipimwa sukari chini ya mahema, nami nafurahi kuziona. Ningeshukuru kama mwaka huu mngetuma mwandishi katika zahanati moja ya kijijini siku ya kawaida, asiyetangaziwa ujio wake, akafungua kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya kituo, cha wagonjwa wa nje, akahesabu waliokuja wakitapika au wakisinzia mwezi uliopita, kisha akauliza ni wangapi kati yao walipimwa sukari, na stripu ziliisha lini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Tabibu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma.